Mbona Wanandoa Wanatamani Kuishi Peke Yao?



Tunapozungumzia matatizo ya ndoa, mara nyingi tunataja ulevi, fedha, wakwe na magomvi. Leo tunataka kuzungumzia tatizo lisilo na kelele. Ni ile tamaa ya kuishi peke yako. Pengine utasema, "Hayo ni mambo ya vijana wa mjini. Mimi nilifunga ndoa kanisani, hayanihusu." Ngoja kidogo. Jiulize kama hujawahi kulala macho wazi usiku ukiwaza hivi: "Laiti ningekuwa na chumba changu kimoja, kitanda changu, sufuria yangu na ufunguo wangu, ningestarehe." Wanandoa wengi wamewahi kuwaza hivyo. Wachache wamewahi kumwambia mwenzao. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo somo letu linapoanzia.

JAMBO HILI LIMETOKA WAPI?

Zamani kuishi peke yako kulikuwa ni msiba. Mtu wa namna hiyo alikuwa ni mjane asiye na mtoto, au mtu aliyetengwa na ukoo wake. Kazi za kila siku zilihitaji mikono mingi: kuteka maji, kupasua kuni, kulima, kuchunga, kulinda boma usiku. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Siku hizi mambo yamebadilika, na mabadiliko yalianza nchi za mbali. Kule Marekani, katika sensa ya mwaka 1940, nyumba zenye mtu mmoja hazikufika hata 1 kati ya 10. Katika sensa ya 2020 zilikuwa zaidi ya 1 kati ya 4. Huko Japani, sensa ya mwaka huo huo wa 2020 ilikuta kwamba asilimia 38 ya nyumba zina mtu mmoja tu. Nchini Ujerumani na Finland ni zaidi ya nyumba 4 kati ya 10.

Hapa Kenya hatujafika huko, lakini tunaelekea upande huo huo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kaya ya kawaida, yaani watu wanaokula chungu kimoja, ilikuwa na wastani wa watu 3.9. Kaunti ya Mandera ilikuwa na watu 6.9 kwa kila kaya. Nairobi walikuwa 2.9 tu. Anayepanda ngazi za majumba ya kupanga mjini hahitaji kuambiwa sababu. Mlango baada ya mlango ni bedsita yenye mtu mmoja.

Kwa nini vijana wanapapenda mahali hapo? Sababu ya kwanza ni mshahara. Binti aliyesoma na kuajiriwa anaweza kulipa kodi yake mwenyewe, jambo ambalo bibi yake hakuliwaza. Sababu ya pili ni kwamba kazi za nyumbani zimekuwa nyepesi. Mtungi mdogo wa gesi unatosha kupika, chakula kilichoiva kinapatikana kibandani, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mtu hulipa na kutuma pesa akiwa amekaa kitandani mwake. Sababu ya tatu ni kwamba masomo yamerefuka na watu wanaoa na kuolewa wakiwa watu wazima zaidi.

Sababu ya nne inatuuma sisi wazazi. Baadhi ya vijana hawa walikulia katika nyumba ambamo baba na mama walikuwa wakigombana kila jioni, au walikaa siku nzima bila kusemezana. Walijifunza ndoa kwa kuwatazama wazazi wao, na walipopata ufunguo wao wa kwanza walisema, "Afadhali peke yangu." Tusiwalaumu upesi. Tujiulize kwanza walichokiona.

TAMAA INAPOINGIA NYUMBA YA WANANDOA

Kijana asiyeoa akipenda kuishi peke yake hajavunja ahadi yoyote. Mtu aliyeweka ahadi mbele ya altare ana habari nyingine. Kwake tamaa hii haiji na mizigo wala lori la kuhamisha vyombo. Huja polepole, nayo ina dalili zake.

Yuko mume anayetoka kazini saa kumi na moja, lakini hafiki nyumbani ila saa nne usiku, watoto wakiwa wamelala. Hanywi pombe, hana mwanamke wa nje. Anakaa tu dukani kwa rafiki yake. Ukimwuliza sababu, hana jibu.

Yuko mke ambaye, bwana akisafiri, huimba jikoni. Akisikia lango linalia, moyo wake unakunjamana. Bwana hampigi wala hamtukani. Ila akiingia tu, anaanza kuuliza: kwa nini taa hii inawaka, nani alikuja leo, mia mbili zimekwenda wapi.

Yuko mfanyakazi aliyepanga chumba Mombasa huku familia ikikaa Machakos. Mwanzoni alikwenda nyumbani kila mwisho wa mwezi, kisha kila baada ya miezi miwili. Sasa ni Pasaka na Krismasi tu. Nauli si sababu, maana anayo. Amezoea utulivu wa chumba chake.

Hao wote bado ni watu wa ndoa. Mavazi yao yangali kabatini, na picha ya harusi ingali ukutani. Lakini mtu anaweza kuhama nyumbani huku bado analala humo. Na mwenzake asiyejua lolote huendelea kupika chakula cha watu wawili.

ANATAMANI NINI HASA?

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu wa ndoa anayemwonea wivu jirani aishiye peke yake huona kitanda kilichotandikwa vizuri, haoni kunguni. Haoni usiku wa homa bila mtu wa kumletea maji. Haoni Jumapili ndefu yenye mvua. Hata hivyo tusimcheke. Tumwulize kwa upole anatamani nini hasa. Mara nyingi majibu huwa manne.

1. Anatamani kimya. Ametoka kwenye kelele za matatu na za kazi, akaingia kwenye kelele za televisheni, watoto na simu. Hajapata nusu saa ya kusikia mawazo yake mwenyewe.

2. Anatamani kuamua jambo dogo bila kuomba ruhusa: kula nini, kulala saa ngapi, kununua kitabu au viatu bila kesi.

3. Anatamani kutokaguliwa. Kila atendalo linapimwa. Amechoka kuwa mwanafunzi katika nyumba yake mwenyewe.

4. Anatamani kupumzika kazi isiyoisha. Hili ni la akina mama zaidi. Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na serikali yetu mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia muda wa karibu mara 5 kuliko wanaume katika kazi za nyumbani na kulea zisizo na malipo. Ni kama saa 4 na nusu kwa siku kwa mwanamke, na pungufu ya saa 1 kwa mwanamume.

Angalia vizuri majibu hayo. Hakuna hata moja linalosema, "Simpendi mwenzangu." Anayetamani kuishi peke yake mara nyingi hataki kumwacha mume au mke. Anataka kitu ambacho nyumba yake haimpi, na hajui kukiomba kwa njia nyingine. Tamaa hiyo ni ujumbe. Ukiupuuza, utarudi ukiwa na sauti kubwa zaidi.

Tuseme pia ukweli ambao sisi wanaume hatupendi kuusikia. Waume wengi tayari wana mahali pao pa peke yao, ila tunapaita kwa majina mengine: kilabu, mchezo wa drafti, mkutano wa wazee, "kumwona mtu kidogo". Mke akisema anataka saa mbili za kukaa bila kuitwa, tunashangaa na kuuliza ana mpango gani. Mama huyo hata kanisani ana mtoto mgongoni. Hata bafuni anabishiwa mlango. Haki iko wapi hapo?

BABU ZETU WALILIJUA JAMBO HILI

Wengine hudhani kwamba kutaka nafasi yako ni tabia ya Wazungu. Sivyo. Tazama boma la zamani lilivyojengwa. Kwa Wakikuyu, mwanamume alikuwa na thingira yake, na mama alikuwa na nyumba yake ambamo watoto wadogo walilala na chungu kilipikwa. Kwa Wajaluo, mzee alikuwa na duol, na kijana aliyekua alijengewa simba ndani ya boma la baba yake. Kila mtu alikuwa na pake, lakini ua ulikuwa mmoja, lango lilikuwa moja, na chakula kilitoka chungu kimoja kikapelekwa huku na huku.

Hatusemi mambo yote ya zamani yalikuwa mema. Mara nyingi boma lile lilikuwa la wake wengi, na mama ndiye aliyebeba mzigo mkubwa. Lakini wazee walielewa jambo moja: kuwa pamoja si kubanana. Leo familia ya watu watano inaishi katika chumba kimoja cha kupanga, pazia likiwa ndio ukuta. Hakuna thingira, hakuna simba, hakuna hata kivuli cha mti. Kisha tunashangaa kwa nini watu wanagombana kwa sababu ya sahani. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, na kabati likiwa dogo vitagongana zaidi.

Ikiwa hatuwezi kujenga kuta, tunaweza kugawana saa. Hilo ndilo jambo kuu la somo letu. Mpe mwenzako nafasi ya peke yake ndani ya ndoa, ili asilazimike kwenda kuitafuta nje ya ndoa.

KUWA PEKE YAKO SI SAWA NA UPWEKE

Hapa tunahitaji kutenganisha mambo mawili. Mtu anaweza kuwa peke yake na asiwe mpweke: ana marafiki, ana Jumuiya yake, anatembelewa na kutembelea. Na mtu anaweza kulala kitanda kimoja na mwenzake, akawa mpweke kuliko mtawa jangwani.

Nchi zilizotangulia kuwa na watu wengi waishio peke yao zimeanza kuona gharama ya upweke. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke Januari 2018. Japani ilifanya vivyo hivyo Februari 2021. Polisi wa Japani walihesabu kwamba katika mwaka 2024 watu zaidi ya 76,000 walifariki nyumbani mwao wakiwa peke yao, na wengi wao walikuwa wazee. Katika ripoti yake ya Juni 2025, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unadhuru afya.

Kwa hiyo mume au mke anayedhani kwamba dawa ya mahangaiko yake ni kuondoka, afikiri mara mbili. Huenda akaacha kelele, akapata upweke. Na yule anayemkatalia mwenzake hata dakika ya utulivu kwa kuhofia kuachwa, naye afikiri. Huenda anamfukuza kwa mkono ule ule anaomshikia.

NENO LA MUNGU LATUFUNDISHA NINI?

Katika sura ya 2 ya Kitabu cha Mwanzo, Mungu alitazama akaona kwamba si vizuri mtu awe peke yake, akampa msaidizi wa kufanana naye. Huo ndio msingi wetu. Lakini Injili ya Marko, sura ya 1, inatuonyesha Yesu akiamka alfajiri na mapema, akitoka kwenda mahali pasipo na watu ili asali. Katika sura ya 6 anawaita mitume waliochoka, waliokosa hata nafasi ya kula, waende naye kando wapumzike kidogo. Mwana wa Mungu mwenyewe alihitaji kujitenga, kisha akarudi kwa watu. Hakuwachukia watu wake kwa sababu hiyo.

Mtakatifu Paulo anatupa mashauri yenye kutusaidia zaidi. Katika sura ya 7 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho anawaambia wanandoa wasinyimane, isipokuwa wamepatana, tena kwa muda, ili wasali, kisha warudiane. Anasema hayo juu ya tendo la ndoa. Lakini masharti hayo matatu yanafaa kupimia kila kujitenga kwa mume na mke: je, tumepatana? Je, ni kwa muda unaojulikana? Je, nitarudi? Ukijibu ndiyo mara tatu, hiyo ni faragha njema. Ukijibu hapana hata mara moja, jihadhari. Kununa ni kujitenga bila kupatana. Chumba cha siri mjini ni kujitenga bila kurudi.

Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alieleza katika namba 115 kwamba upendo huamini. Mwenye kupenda hahitaji kumfuata mwenzake kila hatua wala kumtawala, bali humwachia uhuru. Na mtu aliyeachiwa uhuru hurudi nyumbani akiwa na furaha na habari za kusimulia.

MFANYE NINI?

1. Semeni. Usingoje siku ya hasira. Tafuta saa tulivu na useme unachohitaji, si unachomlaumia. Badala ya "Unanichosha", mke aweza kusema: "Baba watoto, ningependa Jumamosi alasiri nipate saa mbili za kupumzika bila kuitwa. Wewe ungependa saa ipi?" Maneno mawili ya mwisho yana kazi. Yanaonyesha kwamba huombi upendeleo, bali mnagawana.

2. Gawaneni saa kama mnavyogawana mkate. Kila mmoja apate muda wake katika wiki, na mwingine ashike watoto na jiko. Baba, ukishika zamu, ishike kweli. Kumwita mama kila dakika kumi kuuliza chumvi iko wapi si zamu.

3. Tafuteni mahali. Si lazima pawe chumba. Paweza kuwa kiti kimoja chini ya mti, pembe ya chumba yenye Msalaba na kitabu, au kanisa saa ambayo hakuna Misa. Mkiishi chumba kimoja, mmoja aende na watoto kwa jirani au uwanjani. Watoto wafundishwe kwamba mama akikaa pale, asiitwe ila kwa jambo la haraka.

4. Wekeni kiasi cha fedha, hata kama ni kidogo, ambacho kila mmoja anaweza kutumia bila kuhojiwa. Shilingi mia moja zisizo na kesi huleta amani kuliko elfu moja zenye maswali. Matumizi makubwa bado yaamuliwe na wawili.

5. Acheni upelelezi. Kufungua simu ya mwenzako akilala, kumpigia kila nusu saa, kumtuma mtoto amfuate: hayo humfanya mtu aote ndoto ya kuishi peke yake. Kama una shaka ya kweli, iseme wazi mchana.

6. Msisahau kurudiana. Saa ya peke yako ikiisha, kuwe na saa ya pamoja: chai ya jioni bila simu, sala ya usiku, matembezi mafupi. Yule aliyeomba nafasi awe wa kwanza kurudi na kusema "asante". Atakayefanya hivyo hatanyimwa tena.

WANAOISHI MBALIMBALI KWA SABABU YA KAZI

Wapo wasomaji wetu wengi ambao hawakuchagua kuachana na familia. Jambo hili lina historia. Wakati wa ukoloni, makao mengi ya wafanyakazi Waafrika mjini Nairobi yalikusudiwa mwanamume mmoja mmoja. Mke na watoto walitakiwa kubaki mashambani. Ukoloni ulikwisha mwaka 1963, lakini desturi ya baba kuwa mjini na mama kuwa shambani haikwisha.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1151, inasema wanandoa wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa kuna sababu halali. Kazi yaweza kuwa sababu halali. Lakini sababu inaweza kufa, na mazoea yakabaki. Kila mwaka mketi mjiulize: bado tunaishi mbalimbali kwa sababu ya kazi, au kwa sababu tumezoea?

Pesa inayotumwa kwa simu isichukue nafasi ya mtu. Ni jambo jema kutuma karo, lakini mtoto hamjui baba kwa ujumbe wa M-Pesa. Piga simu siku ambayo hakuna shida ya fedha. Wekeni tarehe ya kuonana na muiheshimu kama tarehe ya kodi. Na wewe uliye shambani, mwenzako akifika usimpokee kwa orodha ya madeni kabla hajavua viatu. Mwache anywe maji kwanza.

ANAYEKIMBIA KIPIGO

Yote tuliyosema yanahusu nyumba yenye uchovu, si nyumba yenye hatari. Kuna mke, na wakati mwingine mume, anayetamani kuishi peke yake kwa sababu anapigwa, au kwa sababu watoto wake wanaumizwa. Huyo asiambiwe avumilie kwa ajili ya sakramenti. Asiambiwe aombe saa mbili za Jumamosi.

Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu kutengana pale mmoja anapouhatarisha mwili au roho ya mwenzake au ya watoto. Papa Fransisko, katika namba 241 ya Amoris Laetitia, alisema kwamba kuna nyakati ambapo kutengana hakuepukiki, na kunaweza hata kuwa wajibu, ili kumwokoa mnyonge au watoto. Sheria ya nchi ya mwaka 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani inaiwezesha mahakama kutoa amri ya kumlinda anayetishwa. Simu ya msaada, 1195, haitozwi pesa. Kwanza okoa maisha. Mazungumzo na paroko yatakuja baadaye, mahali penye usalama.

NA MTOTO WENU AISHIYE PEKE YAKE?

Mwisho, neno kwa wazazi. Binti yenu ana miaka 32, anakaa bedsita, na kila Krismasi shangazi humwuliza, "Utaolewa lini?" Mtakatifu Paulo, katika sura ile ile ya 7, aliwaheshimu wasiooa. Mtu asiye na ndoa hajapungukiwa utu, na pengine ana wito wake. Msimwaibishe. Lakini msimwache pia kana kwamba ufunguo wake ni ukuta. Mwalikeni kula, mpeni kazi ya heshima katika familia, mtembeleeni mkibisha hodi. Kama anaogopa ndoa kwa sababu ya yale aliyoyaona kwenu, maneno hayatamgeuza. Baba akimmiminia mama chai bila kuombwa, mama akimwambia baba nenda kapumzike, mtoto ataona. Na huenda siku moja akauliza mlifanyaje.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA MUME NA MKE

Someni maswali haya pamoja, kila mmoja ajibu kwa zamu, na anayesikiliza asikatize.

1. Ni saa ipi katika wiki ambayo ni yangu kweli? Na mwenzangu je?

2. Nikitamani kuwa peke yangu, huwa natamani nini hasa: kimya, uamuzi, kutokaguliwa au kupumzika?

3. Ni jambo gani dogo ninalofanya linalomfanya mwenzangu asipende kurudi nyumbani?

4. Kama tunaishi mbalimbali, je, sababu ya kwanza bado ipo?

5. Wiki hii tutampa kila mmoja saa ipi, na tutarudiana wapi?

Mkimaliza, salini pamoja Baba Yetu. Kisha mmoja akae na watoto, na mwingine aende zake kwa saa moja. Akirudi, akute chai ya moto.